Kwa nini utando wa wanga wa muhogo hubanduka wenyewe kwenye kioo

Upepo wa kiangazi hapa Dodoma hukausha utando wa wanga haraka mno. Unamimina jioni, asubuhi pembe zimeinuka na kujikunja kama ganda la kitunguu. Wengi hukimbilia kuongeza gliserini (kimiminika kizito kinacholainisha utando), wakidhani utando haunati. Unanata sana, shida ni unene na kasi ya kukauka.

Kipimo kinachofaa: wanga gramu 5, maji yaliyokenekwa mililita 100, gliserini gramu 1.5. Pasha moto huku ukikoroga polepole hadi nyuzi 85, ushikilie hapo dakika 15. (Kwa mwinuko wetu maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo uji ukianza kutokota umeshapita.) Chuja kwa kitambaa kuondoa madonge, acha viputo viinuke juu, kisha mimina kwenye kioo cha sentimita 20 kwa 30 kilicholala sawasawa. Ukikauka, hizo gramu 6.5 zitakupa unene wa karibu mikromita 80 (milimita 0.08).

Kioo kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kifutwe kwa spiriti. Maji yakitandaa, kiko safi. Yakijikusanya matone, kuna mafuta ya vidole. Maji ya kisima yakikaukia hapo huacha chumvi nyeupe, na juu ya chumvi utando haugusi kioo.

Wanga hushikamana na kioo hasa kwa bondi za haidrojeni, yaani mvutano kati ya molekuli za vitu hivyo viwili. Maji yanapotoka, utando unataka kusinyaa. Kioo kinauzuia, nao unabaki umevutika. Nishati ya mvuto huo huongezeka kadiri unene unavyoongezeka, lakini nguvu ya kunata haiongezeki. Mara unene ukizidi, mvuto unashinda, ukianzia pembeni. Jelatini ni kali zaidi: gundi ya ngozi ikikaukia kwenye kioo huweza kung'oa vipande vya kioo chenyewe, na mafundi hutumia hila hiyo kutia nakshi. Kwa hiyo mimina chepesi, funika kwa beseni lililoinuliwa kidogo upande mmoja, na feni uizime.

Kupima mshikamano hakuhitaji mashine. Kata ukanda wa sentimita 2.5, geuza kioo utando utazame chini, bandua ncha, ining'inizie kimfuko, ongeza mchanga taratibu hadi ukanda uanze kubanduka polepole kwa pembe ya nyuzi 90. Tuseme kimfuko na mchanga ni gramu 20: nguvu ni nyutoni 0.196, gawa kwa mita 0.025, unapata karibu nyutoni 7.8 kwa mita, ambayo ni sawa na nishati ya kubandua ya juli 7.8 kwa mita ya mraba. Usiseme hiyo ndiyo nguvu ya wanga na kioo! Sehemu kubwa imeliwa na kuvutika na kupinda kwa utando wenyewe. Linganisha tu tando za unene mmoja, kasi moja na unyevu mmoja. Ndoo yenye mfuniko na chumvi ya mezani iliyoloa tepetepe chini yake hushika unyevu wa karibu asilimia 75. Hifadhi kanda humo kwanza, juu ya kichanja zisiguse chumvi, ama sivyo vipimo vya Januari na vya Agosti havilinganishiki.

Utando kwa utando ni habari nyingine. Msimu wa mvua gliserini huvuta unyevu, minyororo ya molekuli za wanga inalegea na kupenyana, rundo linageuka bonge moja. Tenganisha kwa nailoni. Ukitaka kuziunganisha makusudi, pitisha kitambaa chenye unyevu upande mmoja tu, kandamiza kwa kilo 1 dakika 10. Maji yakizidi, utando utakunjamana na hautanyooka tena.