Sana ya Kwetu na Sana ya Ufini

Majira ya baridi ya kwanza niliyoyapitia Tampere nilikuwa mhudumu katika makazi ya wazee, na kila asubuhi nilipita chumba kwa chumba nikisukuma toroli la kahawa huku nje kukiwa bado giza, kwa sababu mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza karibu saa nne asubuhi. Bibi mmoja, aliyekuwa amevuka miaka 90 na kumbukumbu zake zimeanza kumtoka, alikuwa na desturi ya kunirudishia kikombe bila kusema kitu. Siku moja aliniambia kiitos, yaani asante, na furaha ya kushukuriwa ikaurudisha ulimi wangu Korogwe kabla sijauzuia: "Asante sana, bibi." Alinishika mkono, akanitazama usoni, akauliza kwa Kifini: "Mikä sana?" Neno gani?

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana sana kwa Kifini ni neno. Kamusi huitwa sanakirja, kitabu cha maneno. Na neno la ajabu lenye nguvu ya kufungua mlango katika hadithi za watoto huitwa taikasana. Katika maneno ambatani ya namna hiyo kiini hukaa mwishoni na kile kinachokifafanua hutangulia, kinyume na sisi tunaosema kwanza "neno" kisha "la" jambo fulani. Kwa hiyo bibi yule alipoisikia "asante sana" aliipanga kichwani kwa sarufi yake, akapata "neno la asante", na kwa kuwa asante yenyewe hakuijua, alitaka kuambiwa ni neno gani hilo ambalo mgeni huyu amemletea pamoja na kahawa.

Matamshi nayo hayakumsaidia kututofautisha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifini huuweka kwenye silabi ya kwanza daima, na katika neno la silabi mbili kanuni hizo mbili huangukia mahali pamoja, kiasi kwamba sana yangu na yake zililingana kabisa masikioni. Hutengana pale tu Kifini kinapoongeza viambishi vyake. Sanassa ni "katika neno", na miezi mingi niliitamka kwa mkazo wa katikati, wa Kiswahili, nikashangaa kwa nini watu wananiomba nirudie. Wakihesabu maneno mawili husema kaksi sanaa, na hadi leo nikiisikia sanaa hiyo akili yangu hukimbilia kwanza kwa wachongaji na wachoraji.

Jirani zangu waliotoka Kongo, ambao kwao shukrani ni aksanti sana, walinisimulia kuhusu binti yao wa darasa la kwanza. Mwalimu alimwonyesha kidole kwenye ubao akamwambia "Lue sana", soma neno, na mtoto, aliyekwisha kujua kwamba lue ni soma, akaelewa kwamba anatakiwa asome sana. Akafungua kitabu akasoma ukurasa baada ya ukurasa mpaka mwalimu akamsimamisha. Mama yake aliponieleza hayo alikuwa na uchungu kidogo, maana mtoto alikuwa ametii kwa moyo wote.

Mimi mwenyewe nilitegwa kanisani. Injili ya Yohana, ambayo kwetu huanza na "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", ilisomwa siku ya Krismasi: "Alussa oli Sana." Nilikuwa nimeijua maana ya sana kwa miezi kadhaa, lakini kulisikia neno lile, ambalo maisha yangu yote nilikuwa nalitumia kuegemeza maneno mengine, likisimama peke yake mbele ya madhabahu kama jina, kulinifanya nilifikirie upya. Kwa Kiswahili sana haianzi jambo. Hungoja kitu kitangulie: pole sana, karibu sana, nakupenda sana. Hata mtu akiulizwa kama amefurahi, akajibu "Sana!" pekee, swali ndilo linaloibeba. Ikirudiwa, sanasana, hugeuka kuwa kitu kingine tena, hasa au zaidi.

Na siyo Ufini tu. Katika chumba cha mapumziko kazini, mwenzangu mmoja kutoka Ufilipino aliweka simu mezani baada ya kutazama picha za wanawe, akasema taratibu: "Sana nandito sila." Nikamwuliza sana hiyo ni nini. Ni laiti, alinieleza kwa maneno mengi: laiti wangekuwa hapa. Kitagalogi hulitumia neno hilo kwa tumaini na kwa tamanio, kazi ambayo kwetu huhitaji laiti pamoja na -nge-, na mara nyingi hulitanguliza mbele ya sentensi. Sana yetu hufuata jambo lililopo na kulikuza. Ya kwake hutangulia jambo ambalo halijawapo. Tangu siku hiyo kila nikilisikia kinywani mwake najua kwamba yuko nyumbani kwake, mbali na theluji.

Kwa Kituruki sana ni "kwako", na kwa Kiarabu, lugha iliyotupa saa na kitabu, ni mwaka. Sisi tulibaki na mwaka wetu wa Kibantu.

Bibi yule nilimweleza, kwa Kifini changu cha wakati ule, kwamba sana ya kwetu ni paljon, yaani kwa wingi. Alilipokea jambo hilo kwa uzito, akalirudia mara mbili tatu akiwa ameshika kikombe, na kwa wiki kadhaa kila nilipomhudumia alinishukuru kwa Kiswahili kamili. Kufikia majira ya kuchipua kumbukumbu zilikuwa zimepungua zaidi. Asubuhi moja alinirudishia kikombe, akafungua mdomo, akaitafuta asante asiipate. Ilikuwa imekwenda, ikabaki ile nusu iliyokuwa yake tangu utotoni.

"Sana," akasema.

"Sana, bibi," nikamjibu.