Cheti cha Kifo cha Baba Yake

Awamu ya kwanza ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo ilipotoka mwaka 2022, jina la mwanangu halikuwemo. Ya pili ikatoka, halimo. Wakati huo alikuwa ameshafika Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa kwanza, na kilichomfikisha huko ni pesa ya kabichi za msimu mzima pamoja na mchango wa wajomba zake. Akipiga simu hasemi shida. Mdogo wake ndiye aliyenipa habari: kaka anabebwa, analala kitanda kimoja na mwenzake aliyepata chumba, na mchana anapiga pasi ndefu, chai ya asubuhi mpaka ugali wa usiku.

Nikampigia. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza, Bodi ya Mikopo wanataka nini?

"Wanataka cheti cha kifo cha baba, mama. Bila hicho, kwenye mfumo naonekana nina wazazi wote wawili."

Neno hilo liliniuma, maana baba yao alifariki huyu akiwa darasa la sita. Alifia nyumbani kwetu Mlalo, alfajiri, na alasiri ile ile tukamzika. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Mimi nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, na nilipotoka kulikuwa na shamba linanisubiri na watoto wa kulisha. Mume wangu alikuwa seremala. Hakuwa na pensheni wala akaunti benki. Hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi ya kifo chake mpaka mtoto alipoiulizwa na Bodi ya Mikopo.

Nikaanza kwa mtendaji wa kijiji, nikiwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, awe shahidi. Mtendaji akauliza kama kuna karatasi yoyote ya hospitali. Nilikuwa nayo. Huku kwetu mgonjwa hutibiwa na daftari lake mwenyewe, la shule, la kurasa 40, na la mume wangu nilikuwa nimelifunga kwenye kanga ndani ya sanduku. Jalada limepauka. Ndani mna mwandiko wa mganga wa zahanati, tarehe baada ya tarehe, dawa za kifua, vipimo, rufaa ya kwenda hospitali. Ukurasa wa mwisho umeandikwa juu tu, kisha mweupe mpaka chini. Mtendaji alilipekua taratibu mpaka hapo, akanipa pole kana kwamba msiba ulikuwa wa jana, ndipo akavuta karatasi akaandika barua.

Barua ikapita kata, nasi tukapanda gari la asubuhi kwenda Lushoto mjini, kwa msajili wa wilaya. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika na njia ya milimani inateleza, gari likawa linatambaa.

Binti aliyetupokea alikuwa na umri wa kuwa mwanangu. Akaniuliza jina la marehemu, umri, mahali alipofia, kazi yake. Nilipofika kwenye kazi nikamwambia, "Andika fundi seremala. Meza hizi za shule za tarafa yetu, nyingi kazitengeneza yeye." Hapakuwa na nafasi ya kuandika yote hayo, ila binti alinyamaza akanisikiliza hadi nikamaliza, akasema, "Pole sana mama." Naye Mungu amlipe.

Cheti kikatoka. Tukakiweka kando ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na hapo shemeji akaona: jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa linaishia na "i", kwenye cheti cha kifo halina. Mganga wa zahanati aliandika bila "i", mtendaji akafuata daftari, na wilaya wakafuata barua. Kwa mtu anayetujua si kitu. Ila mwanangu alikuwa amenionya kwamba majina yasipolingana, maombi yanaweza kukwama.

Tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Nikashika Msahafu, nikaapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, marehemu mume wangu. Sauti ilinitoka yote. Hakimu akagonga mhuri.

Kilichobaki kilikuwa cha haraka kwa sababu dirisha la rufaa, la waliokosa mkopo, lilikuwa limefunguliwa, na halikai wazi muda mrefu. Uhakiki wa vyeti wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, mtoto aliuomba mwenyewe kwa mtandao. Mimi nilikwenda steshenari nikamtumia karatasi zote kwa simu, naye akasisitiza, "Piga skani mama, usipige picha, mhuri hauonekani."

Sikuona haya kuuhangaikia mkopo ule, na sitaki mzazi yeyote auonee haya. Si sadaka. Mtoto akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, na mwingine atasomeshwa kwa pesa hiyo.

Majibu ya rufaa yalimkuta darasani, akatoka nje kunipigia. Amepata. Chakula na malazi wamempa kamili. Ada wamempa sehemu, iliyobaki ni yetu. Boom la kwanza, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, alilipia chumba. Nikamuuliza amekula nini mchana ule. Akasema wali na maharage, na akaongeza tunda.

Mwaka uliofuata alifariki jirani yetu, ameacha watoto watatu, mkubwa yuko sekondari. Mkewe alikuwa eda. Nilikwenda kukaa naye, na siku ya tatu nikamwomba shemeji yake aje tuzungumze. Nikampa jina la mtendaji, nikamwambia abebe daftari la zahanati na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, alinganishe jina la baba herufi kwa herufi kabla barua haijaandikwa. Alikwenda Lushoto kabla siku 30 hazijaisha.