Nimerudi Dom, na neno hongo limekataa kunitoka kichwani

Jamani nimerudi. Miaka tisa Stuttgart imetosha, nimeshuka stesheni ya SGR hapa Dodoma jioni na sanduku mbili, na treni ya umeme, Mchongoko, imetuleta kutoka Dar masaa matatu na kitu tu, wakati mi naondoka safari hiyo hiyo ilikua siku nzima kwenye basi, mnachimba dawa Gairo, mnafika miguu imevimba.

Nje nikaita bodaboda. Kijana akaniambia sista Nkuhungu elfu tatu, ila uwe na hela ndogo, sina chenji. Yani nilisimama pale kama nimesahau njia, kwa sababu ya hilo neno hela. Nilipokua nakaa mimi, kwa treni saa moja na kitu hivi unafika mji mdogo unaitwa Schwäbisch Hall, na huko ndiko neno letu lilikozaliwa. Zamani sana, zama za kati, watu wa Hall walikua wanagonga kisarafu kidogo kikaitwa kwa jina la mji wao, kikaja kuwa Heller. Mwaka 1904 Wajerumani wakaleta heller kwenye koloni lao la huku, heller 100 ndio rupia moja, na reli ya zamani ilipofika Dodoma mwaka 1910 hizo ndizo zilikua zinazunguka mikononi mwa watu. Vita ya kwanza ilivyowabana, Waingereza wamefunga bahari na sarafu haziji tena kutoka kwao, mwaka 1916 wakaanza kuzigonga wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli. Tabora hapo hapo! Alafu sasa nenda Ujerumani leo utaje heller dukani, hakuna atakayekuelewa unataka nini, kwao imebaki kwenye msemo tu, mtu akimaliza deni lote wanasema kalipa mpaka heller na pfennig. Sisi ndio tunaitaja kuanzia alfajiri, muuza mchicha wa Majengo anaitaja mara mia kwa siku, na ni jina la kamji ka watu kule mbali. Mi hili jambo linanigusa sijui niwaelezeje.

Kijana kanishusha kipilefti (na hii nayo ni kibao cha Waingereza kilichokua kinawaambia madereva wakae kushoto, sisi tukakifanya jina la mzunguko wenyewe), nikalala kwa dada, kesho yake nikapanda gari la Mvumi kwenda kwa babu.

Nimefika nikasema mbukwenyi, salamu yetu Wagogo, wakaitikia wote, nikamshika babu mkono, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, umekuja na mvua? Ndio salamu yake miaka yote, na ni Septemba, jua linachoma mpaka mbuyu umebaki matawi matupu. Tumekaa, tunakula ugali wa uwele na mlenda, binamu yangu akaanza kusimulia alivyofuatilia karatasi zake za kiwanja ofisi fulani mpaka akaona isiwe tabu, akahonga. Babu akaacha kula. Akasema, hongo ni neno la hapa kwetu, msilitie uchafu.

Mi nilikua najua kidogo ila sijawahi kusikia mtu wa kwetu akilisema kwa uchungu vile. Ni hivi, karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji kwenda Bagamoyo ilikua lazima ikatize Ugogo, na ukitokea pwani kabla hujatufikia unavuka pori la Marenga Mkali, maji machungu, na ukishatupita unakutana na pori jingine, Mgunda Mkali. Katikati ndio sisi. Msafara una watu mamia, wana kiu, wanataka maji na nafaka, na visima vimechimbwa na Wagogo kwenye nchi ambayo mvua ni ya kuombea. Kwa hiyo kila mtemi anatoza ushuru, na huo ushuru ndio hongo. Inalipwa mchana kweupe, inajadiliwa mbele ya wazee hata siku mbili tatu, kila mtu anajua kimetoka nini na kimeingia nini. Wazungu wapelelezi Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Mwenzao Stanley mwaka 1871 kapita hapa hapa Mvumi kalipa, na kalalamika sana. Babu anasema alikua analalamika na maji yetu ameshakunywa.

Wajerumani walivyoishika njia, wakaweka boma Mpwapwa, kutoza kukawa kazi yao, mwaka 1898 wakaleta kodi ya nyumba na hiyo ikaitwa halali. Ya mtemi ndio jina lake leo linabeba pesa ya kificho, ya chini ya meza. Mi naona hapo tumeonewa, kabisa.

Asubuhi nikaenda na shangazi korongoni. Mto ni mchanga mtupu, unachimba kwa mikono mpaka bega linazama, alafu unasubiri. Maji yanakuja polepole sana, kwanza mchanga unakua mweusi, alafu unang'aa, alafu kinatokea kidimbwi saizi ya sahani. Shangazi anachota na kibuyu, kata moja, anasubiri tena. Ndoo moja ya lita ishirini jua lilikua limeshapanda. Nikawa nawaza watu mia tano wamefika na mizigo wanataka wanywe wote leo leo, we ungewaambia piteni tu bure?

Na walikua wanalipa kwa nguo, kipimo chake doti, yadi nne. Nyingi ilikua merikani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi, inaitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani kweli, viwanda vya Massachusetts. Doti mpaka leo ndio tunanunulia khanga, hakuna aliyetuambia tuache.

Mi nilikua nimemletea bibi khanga doti mbili, nimezinunua Kariakoo siku niliyotua. Jioni nikazitoa kwenye sanduku, bibi akazifungua akazinusa, akajitanda moja pale pale. Babu akainyoosha ile nyingine juu ya goti lake, akaipima kwa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni, taratibu, mara nane, akaikunja.

"Haya, hongo tumeipokea. Pita."