Haki ya Mwenyeji: Tafakari kwa Anayeizunguka Pemba Peke Yake

Ndugu zangu katika imani, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafakari ya wiki hii inatoka Suratul Ahzab, aya ya 53. Watu walialikwa chakula nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Wakala wakashiba, kisha baadhi yao wakabaki wamekaa wakiendelea na mazungumzo. Mtume (s.a.w.) aliona uzito, lakini akastahi kuwaambia watoke. Ndipo Mwenyezi Mungu akayasema yeye badala yake: mkishakula tawanyikeni, wala msikae kwa mazungumzo, hayo yalikuwa yakimuudhi Nabii naye akiwaoneeni haya, na Mwenyezi Mungu haoni haya kwa haki.

Mawaidha mengi kuhusu ugeni huelekezwa kwa mwenyeji: amkirimu mgeni, afungue mlango, asihesabu chakula. Aya hii inamgeukia mgeni. Mwenyeji mwema hasemi kwamba amechoka, hasemi kwamba mchele ulikuwa wa mwisho, wala hasemi kwamba mtoto amelala sakafuni ili wewe upate kitanda. Asilolisema yeye, wewe unatakiwa ulisikie. Sehemu mojawapo nzuri ya kujifunza adabu hiyo ni Pemba, kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita 67, ambako mtu anayetembea peke yake hawezi kupita kijiji bila kuitwa "karibu".

Kwanza, hilo la kutembea peke yako. Amepokea Bukhari kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) amesema: lau watu wangalijua ninayoyajua kuhusu upweke, asingesafiri mpandaji usiku peke yake. Usiichukulie wepesi. Kwa vitendo maana yake ni hii: peke yako tembea mchana, na usiku uwe mahali panapojulikana. Mwachie mtu mmoja nyumbani mpangilio wa kila siku, yaani unatoka mji gani, unalala wapi, namba ya simu ya nyumba ya wageni. Ukipanda meli ya usiku jiunge na watu, kwani mle ndani zimo familia na wazee wanaorudi kwao. Kwa dada zetu, Hadithi za kusafiri na maharimu (ndugu wa kiume asiyeweza kukuoa) zinajulikana, na maelezo ya wanazuoni juu yake ni marefu kuliko nafasi ya hapa. Muulize mwanachuoni unayemwamini kabla hujakata tiketi.

Njia ya wengi ni meli kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya baina ya visiwa hivi huchafuka, na wanaotapika ni wengi. Kula chakula chepesi saa mbili kabla, usipande na njaa wala na tumbo lililojaa. Kaa katikati ya meli na chini, sehemu inayoyumba kidogo zaidi, na kichefuchefu kikianza tazama upeo wa bahari wala usitazame simu. Tia udhu nchi kavu. Na jambo hili tulisema kwa uzito wake: ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Hakuna nyumba nyingi Pemba ambazo msiba ule haukuzigusa kwa namna moja au nyingine. Usiutaje kama habari ya kupitishia wakati. Mwenyeji akiutaja mwenyewe, sikiliza na uwaombee rehema.

Katika sala, wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Masafa ya kutoka mji wa Unguja hadi Mkoani yanafikia yale ya kufupisha, ambayo kwa makadirio ya wengi ni kilomita 80 na kitu. Adhuhuri, Alasiri na Isha unazisali rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Nia ya kufupisha huletwa pale pale unapohirimia, yaani kwenye takbira ya kufungulia sala. Panapokosewa sana ni pawili. La kwanza, msafiri anasali nyuma ya imamu mkaazi kisha anatoa salamu baada ya rakaa mbili: hapana, ukimfuata mkaazi timiza nne. La pili, mtu amenuia kukaa Wete, mji wa kaskazini mwa Pemba, siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, naye bado anafupisha. Kwa nia hiyo tayari amekuwa mkaazi tangu alipofika. Anayehama, usiku mmoja Chake Chake, siku mbili Konde, bila nia ya kukaa siku nne mahali pamoja, bado ni msafiri. Ijumaa si wajibu juu ya msafiri, lakini ihudhurie. Ukiisali inakutosheleza Adhuhuri, na hakuna siku nyingine kijiji kizima kitakuona kwa mara moja na kukujua wewe ni nani.

Barabarani, gari namba 603 ni ya Chake na Mkoani, 606 ni ya Chake na Wete, na 602 inakwenda Konde. Chake Chake ipo katikati, kwa hiyo wengi huweka makazi hapo na kutoka kila asubuhi. Gari za vijijini zimepangwa kwa mahitaji ya wanakijiji: alfajiri zinawaleta mjini sokoni na hospitali, mchana zinawarudisha. Mgeni yeye anataka kinyume chake, na ndiyo maana hukwama. Anaingia kijijini saa sita mchana kwa gari la kurudi, anazungumza, anafurahi, na saa kumi hakuna tena gari la kwenda mjini. Hapo mwenyeji hana hiari: lazima akulaze. Huo ni mzigo uliomtwika kwa kutouliza swali moja. Kwa hiyo kabla hujashuka muulize utingo, "Gari la mwisho la kurudi Chake linapita hapa saa ngapi?", kisha muulize pia mwenye duka wa pale kijijini, maana yeye ndiye huyaona magari kila siku. Wakitofautiana, shika saa ya mapema zaidi.

Vya kutazama vimo vingi na havihitaji maneno mengi: msitu wa Ngezi karibu na Konde, wenye popo wakubwa wasiopatikana popote duniani isipokuwa Pemba, magofu ya Pujini yanayonasibishwa na Mkame Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, Ras Mkumbuu penye msikiti wa kale na makaburi, ambapo njia ya mashua ni nyepesi kuliko ya miguu. Popote penye makaburi toa salamu kwa waliolala pale kabla hujatoa kamera.

Ukiingia kijijini anza msikitini. Mtume (s.a.w.) aliporudi safari alikuwa akianzia msikitini, akisali rakaa mbili. Msafiri Ibn Battuta, aliyetoka Tangier, Morocco, mwaka 1325 bila mwenzake wa safari, alilala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, akaandika kwamba penye milango ya misikiti kulikuwa na visima, na anayeingia huosha miguu kwanza na kuipangusa kwenye jamvi nene. Mpaka leo miguu yako ndiyo itakayokutambulisha. Osha, ingia, sali, kisha kaa barazani usubiri kuulizwa. Usianze wewe kuuliza. Wazee watataka kujua unatoka wapi, mtoto wa nani, unafuata nini. Jibu kwa ukamilifu, kwa sababu mtu mmoja asiyejulikana anatia watu wasiwasi, na haki yao ya kutulia ni kubwa kuliko faragha yako. Kama kuna uwezekano wa kulala kijijini, omba upelekwe kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo (shehia), ukiwa na kitambulisho, kabla ya Magharibi. Usimwachie mwenyeji aje kuulizwa kesho kwa nini amelaza mtu bila taarifa.

Mlangoni, hodi tatu. Imepokewa na Abu Musa al-Ash'ari kwamba mtu akiomba ruhusa mara tatu asiruhusiwe, na arudi. Simama ubavuni mwa mlango, usisimame ukiukabili, na kati ya hodi moja na nyingine uache muda wa mtu kujisitiri au kumaliza sala. Kimya nacho ni jibu. Suratun Nur, aya ya 28, inasema mkiambiwa rudini basi rudini, hivyo ndivyo usafi zaidi kwenu. Ondoka bila kinyongo.

Sasa chakula, ambapo ndipo aya yetu ilipoanzia. Katika Suratudh Dhaariyat, Ibrahim (a.s.) alipofikiwa na wageni aliwaendea ahli zake kimya kimya, akarudi na ndama aliyenona. Wafasiri wamelitazama sana lile la kwenda kwa siri: hakutaka wageni waone gharama wakaona haya. Pemba utaliona hilo kwa macho yako ukiwa makini. Mtoto anaitwa nyuma ya nyumba, ananong'onezwa, anatoka mbio na mfuko. Dakika kumi baadaye kuna sukari kwenye chai, au kuku aliyekuwa akiparura uani hayupo tena. Hayo yote yamefanywa ili usijue. Wewe ujue, na uyatangulie.

Utayatangulia vipi? Usifike baina ya Adhuhuri na saa nane mchana, wala Magharibi, kwa sababu ni saa za sahani. Ukimkuta mtu anakula akakwambia karibu, jibu "starehe" na uendelee. Akirudia mara ya pili na ya tatu huku amekusogezea nafasi, kaa na ule kidogo, kwani kukataa kabisa kunavunja moyo. Kula upande wako wa sinia. Samaki akiwa mmoja, usiwe wa kwanza kumgusa, na bakisha: katika nyumba nyingi wanawake na watoto wanakula baada ya wageni, kutokana na kilekile kilichobaki. Mgeni anayemaliza sinia akidhani anasifu mapishi amewalaza watu na njaa. Maji ya kuoga nayo ni chakula. Sehemu nyingine ndoo ya lita 20 imebebwa kichwani kutoka mbali. Nusu ndoo inakutosha.

Zawadi nunua Chake, Wete au Konde kabla ya kuingia ndani: kilo mbili za sukari, kilo mbili za unga wa ngano, majani ya chai, vipande viwili vya sabuni. Toa unapofika. Ukiitoa unapoaga inafanana na bili ya chakula, na pesa ukimkunjia mzee mkononi mbele ya watu inamuumiza zaidi. Kama unaona pesa inahitajika kweli, mwachie mama wa nyumba kwa siri, kwa niaba ya watoto.

Siku tatu ndiyo mpaka. Katika Hadithi ya Abu Shuraih, ugeni ni siku tatu, zaidi ya hapo ni sadaka, na si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake uzito. Katika mapokezi ya Muslim, maswahaba waliuliza inakuwaje, wakajibiwa: anakaa kwake naye hana cha kumkirimu. Waswahili walipunguza zaidi, wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usisubiri jembe hilo upewe. Msimu wa karafuu, ambao kwa kawaida uko nusu ya pili ya mwaka, kazi ipo mbele ya kila mlango. Usipande mti, matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika na walioanguka ni wengi. Kaa chini na wanaochambua usiku. Shika shada kwa mkono mmoja, sokota vichwa kwenye kiganja cha pili vidondoke, makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki, yaweke kando yasichanganyike, kwani nayo yanauzwa na kukamuliwa mafuta. Karafuu mbichi haziachwi rundo. Zikipata joto hukauka zikiwa zimefifia rangi na kusinyaa, na bei yake inaanguka. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, kilo tatu mbichi zikitoa kama kilo moja kavu. Wingu likikusanyika, inuka kabla hujaitwa, ushike pembe ya jamvi. Khidhr (a.s.) aliusimamisha ukuta wa watu waliomnyima chakula yeye na Musa (a.s.). Sembuse waliokulisha.

Unapoaga, waombee kwa dua aliyoifundisha Mtume (s.a.w.): Allahumma at'im man at'amanii, wasqi man saqaanii. Ee Mwenyezi Mungu, mlishe aliyenilisha, na mnyweshe aliyeninywesha. Iombe kwa sauti, mbele yao, waitikie amina.

Kisha kuna deni la ahadi. Wageni wengi huahidi picha, dawa ya macho ya bibi, kitabu cha mtoto wa skuli, na meli ikishatia nanga Malindi wanasahau. Usiahidi zaidi ya kitu kimoja kwa nyumba moja, na kiandike hapo hapo pamoja na jina la mpokeaji, kijiji, shehia na namba ya simu. Mzigo ufunge kwa nailoni mbili, uandike juu kwa wino usiofutika na maji, kisha umpigie mwenyeji umwambie jina la meli na siku itakayofika Mkoani, apate kumtuma mtu bandarini. Nauli ya huyo mtu itie ndani ya mzigo.

Wabillahi tawfiq.