Na Ugoro Hadi Nansio

Meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, iliondoka Mwanza na mapema, watu wamebanana na magunia. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kikerewe mwenye kuku wawili kwenye tenga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu, kisha akatoa kikopo, akavuta ugoro na kupiga chafya iliyowashtua kuku.

Aliposikia natoka Urambo, mkoani Tabora, alicheka. "Nyie ndio wenye tumbaku ya kuuza." Yake ni mashina machache nyuma ya nyumba, majani huyaanika, huyasaga, akachanganya na magadi. Bila magadi, anasema, haikati.

Kwetu tumbaku iliingia kwa mgongo wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea walime karanga. 1951 mradi ukafa, na Urambo ikageukia tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto. Zao lenyewe ni kazi juu ya kazi. Mbegu ni vumbi tupu, gramu moja ina zaidi ya 10,000. Zinakaa kitaluni kama miezi miwili. Shambani, mche ukitaka kuchanua unaukata kichwa ili nguvu ibaki kwenye majani, halafu unang'oa maotea, yaani machipukizi ya pembeni, na mikono inanata utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni. Baadaye ni bani, banda la kukaushia: karibu wiki nzima moto hauzimwi, joto likipandishwa polepole kutoka nyuzi 35 hivi hadi 70. Pori la miombo limeishia humo, na hilo sitalitetea.

Yule mzee alishikilia kuwa tumbaku ni ya mababu zake. Nikamweleza ni mgeni kutoka Amerika, Wazungu waliiona huko mara ya kwanza 1492 walipofika na Columbus.

"Na mahindi?"

"Ya huko huko, babu."

"Muhogo je?"

"Nao."

Akatafakari kidogo. "Basi watu wa huko walikuwa wakulima kweli."

Nansio ilipoanza kuonekana akaniuliza kama jani letu linafaa kwa ugoro. Nikamjibu kwamba nyumbani hatulisagi. Likitoka bani linafungwa robota, yaani mafurushi, linapelekwa sokoni, mteuzi, yule mpanga madaraja, analigusa mara moja na kutaja gredi, na mkopo wa mbolea unakatwa kabla hujashika hela.

"Yaani hata kulinusa hulinusi?" akasema, akinisogezea kikopo.