Safu Iliyokosekana Daftarini

Mwaka 2021, nikiwa katibu wa chama cha wahandisi jijini Nairobi, nilipewa kazi ya kuandaa jedwali la wanachama wetu kwa jinsia, umri, ulemavu na asili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inataka watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na wanachama kadhaa walikuwa wameanza kuuliza kwa nini sisi hatujipimi.

Daftari letu lilikuwa na jina, nambari ya usajili, daraja la uanachama na ada ya mwaka, basi. Usiku wa kwanza nilikisia jinsia kwa majina: Wanjiku na Akinyi hawakunisumbua, lakini Baraka, Amani na Imani waliweza kuwa mwanamume au mwanamke. Nilipofika kwenye majina ya ukoo nikajikuta naandika makabila pembeni kwa penseli, bila wenyewe kuulizwa. Nilizifuta kurasa nzima. Nilikuwa nchini mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walipoziba barabara wakadai vitambulisho ili wasome majina, na sikutaka orodha ya namna hiyo itokane na mkono wangu.

Kesho yake niliandika fomu fupi, nikaeleza nani ataiona na kwa nini, nikaweka pia jibu la “Sipendi kusema”, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kabila na hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Majibu yalikuja polepole. Mzee mmoja aliyekuwa nasi miaka mingi alijaza kwamba hasikii vizuri, akaomba aketi mbele kwenye semina. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumla ya wanawake iliwafurahisha wanakamati. Mimi haikunituliza, kwa kuwa karibu wote walikuwa katika daraja la wahitimu. Katika daraja la juu kabisa nilifungua ukurasa baada ya ukurasa nisimwone mwanamke. Nikayatoa madaftari ya zamani, nikatafuta wale waliojiunga kama wahitimu kisha majina yao yakakoma, nikampigia mmoja wao simu.

“Samahani dada, nakupigia kutoka chamani,” nilimwambia.

“Katibu, mimi sikuacha uhandisi,” alijibu. “Nilipojifungua, kampuni iliniondoa saiti ikaniweka ofisini. Ile miaka 3 ya uzoefu inayotakiwa ili kupanda daraja ningeipata wapi, na nani angenitilia sahihi kuithibitisha?”

Tulizungumza karibu saa nzima. Niliandika kila alichoniruhusu kuandika, na kwenye kikao kilichofuata nikaiambia kamati kwamba jumla peke yake inaficha mahali tunapowapotezea watu, na kwamba kila daraja lazima lihesabiwe kivyake, mwaka baada ya mwaka. Mwenyekiti, ambaye hadi leo namheshimu, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akapendekeza daftari liongezwe safu ya mwaka ambao mwanachama aliingia katika kila daraja. Ilipitishwa bila kupingwa.

Nilimpigia tena yule dada kumwarifu. Alishukuru, kisha akaniuliza kama daftari litaonyesha pia mwaka ambao mtu ametoka, na sababu yake. Halikuwa na safu hiyo. Niliiongeza jioni ileile, na jina la kwanza kuandikwa humo, kwa ridhaa yake, lilikuwa lake.