Laptopu ilichemka na kuwa nzito: nilivyoirudisha katika hali yake

Laptopu yangu ilizidi kuwa nzito polepole, siwezi hata kusema ilianza lini. Nikiiwasha asubuhi inakwenda vizuri. Baada ya muda feni inaanza kuvuma, sehemu ya juu ya kibodi inapata moto, kisha kila kitu kinakwama: video inakatikakatika, na herufi ninazoandika zinachelewa kutokea kwenye skrini. Nikiizima ikapoa, inarudi kuwa nzima, lakini si kwa muda mrefu.

Karibu kila niliyemuuliza alinishauri nipige Windows upya. Sikushawishika. Windows iliyoharibika husumbua hata kompyuta ikiwa baridi, na hii yangu ilikuwa inasumbua ikishapata joto tu. Nikaona nipime kwanza.

Nilianza na Task Manager, sehemu ya Windows inayoonyesha programu zinazofanya kazi, ambayo hufunguka ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nilikuta programu kadhaa nisizozitumia zinajiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka, nikazizuia. Nafuu ilikuwa ndogo. Kisha nikaweka HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la prosesa (chipu inayofanya kazi zote za kompyuta) na kasi yake kwa wakati uleule, na hapo ndipo nilipopata jibu. Kompyuta ikiwa imetulia, joto lilikuwa nyuzi 65. Nikifungua video na vichupo vichache vya kivinjari, lilipanda hadi 97, na papo hapo kasi ya prosesa ikaanguka kutoka gigahezi 3 hadi 0.8. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo cha joto karibu na nyuzi 100 za selsiasi. Zikikikaribia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kumbe ule uzito ulikuwa unatokana na joto, na kupiga Windows upya kusingesaidia kitu.

Swali likawa: kwa nini joto halitoki? Laptopu niliitumia mezani, kwa hiyo matundu ya chini yanayovuta hewa hayakuwa yamezibwa. (Kwenye godoro au mto huzibika mara moja, na hapo dawa ni kuihamishia mahali pagumu tu.) Ilibidi niifungue.

Nilizima kabisa, nikachomoa chaja, nikatoa mfuniko wa chini, na kabla ya kugusa chochote nikachomoa waya wa betri kwenye bodi, yaani lile bamba kuu lenye prosesa na vifaa vingine. Hatua hiyo usiiruke. Skrubu nilizipanga kwenye karatasi niliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali pake, maana urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingizwa pa fupi inaweza kutoboa kitu.

Feni kwa nje ilionekana safi. Vumbi lenyewe lilikuwa limejificha ndani, kati ya feni na yale mapezi membamba ya chuma ambayo hewa ya moto hupitia ikitoka. Lilikuwa limeshikamana kama kipande cha kitambaa, nikalitoa kwa kibanio. Ndiyo maana kupuliza kwa nje tu kusingetosha: tabaka la namna hiyo halipiti katikati ya mapezi, linasukumwa tu lirudi kwenye feni. Mabaki niliyamaliza kwa brashi laini na hewa ya kopo, huku nikizuia feni kwa kidole isizunguke. Feni ikizungushwa kwa nguvu na upepo inaweza kuharibika, au kurudisha umeme kwenye bodi.

Kisha nikalegeza bomba la shaba linalokaa juu ya prosesa na kubeba joto lake. Pesti ya kupitishia joto ilikuwa imekauka na inapukutika. Niliifuta yote kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka mpya kidogo tu katikati. Pesti nyingi haiongezi ubaridi, kazi yake ni kujaza mianya midogo kati ya prosesa na bomba. Pembeni ya skrubu za bomba kulikuwa na namba 1 hadi 4, nikakaza kwa kufuata namba hizo, kidogo kidogo kwa kuzunguka, ili mgandamizo uwe sawa pande zote.

Nilipowasha, joto la kutulia lilikuwa kwenye 40 na kitu. Kwa kazi ileile ya video na vichupo, lilisimama kwenye 78 na kasi haikuanguka tena. Kwa siku zenye joto kali nina hatua moja ya ziada: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nashusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye laptopu yangu hilo linazima mwendo wa ziada ambao prosesa hujiongezea yenyewe (turbo), na joto linapungua sana bila kuathiri kazi za kuandika. Laptopu nyingine huficha chaguo hilo.

Kilichobaki ni kuwaka, ambako bado kulichukua dakika kadhaa. Safari hii Task Manager ilionyesha diski inatumika kwa asilimia 100 huku prosesa ikiwa haina kazi, yaani tatizo lingine kabisa: diski ya kizamani inayozunguka. Nikahamishia Windows kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na sasa inawaka chini ya nusu dakika.